Yule si sokwe, dada

Nina duka dogo la steshenari hapa Ujiji. Natoa kopi, nauza madaftari na kalamu, nachapa barua za kuomba kazi, na msimu wa mitihani ya majaribio ndipo napata hela ya maana. Ualimu sijausomea. Nalisema mapema ili msomaji ajue kwamba makosa nitakayoyaeleza si ya mtaalamu aliyeteleza, ni ya mtu aliyejitosa majini bila kuuliza kina.

Mwaka juzi mgeni mmoja aliyekuwa akijitolea huku kwetu alimaliza muda wake, na siku ya kuondoka akapita dukani kuniachia boksi la vitabu vya picha vya watoto. Vyote vya Kiingereza, vyote vya maarifa. Hamna Sungura wala Fisi humo. Kuna cha volkano, cha nyangumi, cha treni, cha mwili wa binadamu, na vitatu vya gorila. Nilivipanga rafu ya nyuma nikidhani nitaviuza. Havikuuzika. Mzazi anayeingia kwangu anataka daftari la mistari na mitihani iliyopita. Kitabu cha gorila cha Kiingereza atakipeleka wapi?

Waliovitaka ni watoto. Mtoto anatumwa penseli ya shilingi mia mbili, anakaa dukani nusu saa. Kava la kitabu kimoja lilikuwa uso mtupu wa gorila dume, umejaa ukurasa mzima, macho ya kahawia yanakutazama kama mzee aliyekukuta unamwibia maembe. Hapo ndipo walipogota. Basi nikasema, Jumamosi saa tatu njooni, nitawasomea.

Walikuja kumi na wanne. Nikatandika mkeka barazani, nikaketi kwenye kigoda, nikafungua kitabu. Na kosa langu la kwanza lilikuwa hilo hilo la kufungua: nilikuwa sijakisoma. Nilidhani kitabu cha watoto hakihitaji kuandaliwa, kina sentensi tatu kila ukurasa, nitakuwa natafsiri huku nikienda.

Ukurasa wa nne nikakwama. Waingereza humwita dume mkubwa kwa jina la mgongo wake, kwa sababu akifikisha miaka kama kumi na miwili manyoya ya mgongoni hubadilika rangi. Nikatafsiri bila kufikiri: "Huyu anaitwa mgongo wa fedha." Kimya. Halafu binti wa fundi cherehani akauliza, kwa adabu kabisa, "Anti, hela zinakaa mgongoni?" Mwingine akamjibu kwamba ndiyo maana watu wanamwinda. Dakika tano zilizofuata tulikuwa tunajadili gorila tajiri. Siku hizi nasema "dume mwenye mvi mgongoni", na hakuna anayeuliza, kwa kuwa mvi kila mtoto anazijua, na anajua mwenye mvi ndiye anayeamua mtaondoka saa ngapi. Gorila naye ni hivyo hivyo: familia nzima inamfuata yeye, akikaa wanakaa, akinyanyuka wananyanyuka.

Lakini hilo lilikuwa la kuchekesha. La pili halikuchekesha.

Kamusi ndogo niliyokuwa nayo dukani ilinipa neno "sokwe". Nikalitumia kitabu kizima. Sokwe anakula majani, sokwe ana kilo mia na themanini, sokwe anajipiga kifua. Kitabu kikasema wanyama hawa wanaishi katika misitu ya Afrika, na mtoto mmoja akauliza, "Afrika wapi?" Nikajibu kwa kujiamini ambako leo nikikukumbuka naona aibu: "Si hapo Gombe! Panda boti Kibirizi, hao hapo."

Walifurahi sana. Walirudi nyumbani wakijipiga vifua njia nzima.

Jumatatu jioni, nikiwa nafunga mahesabu, akaingia baba wa mmoja wao. Ni mtu wa boti, kazi yake ni kupakia na kupakua kwenye mwambao wa kaskazini, dagaa, mahindi, abiria, na mara nyingine wageni wanaoshukia Kasekela, huko Gombe. Akasalimia, akauliza hali ya biashara, akazunguka kama watu wenye neno wanavyozunguka. Kisha: "Dada, mwanangu anasema umemfundisha kwamba Gombe kuna sokwe wa kilo mia na themanini."

Nikamwambia ndivyo kitabu kinavyosema. Akaomba akione. Akakipeleka chini ya taa, akafunua kurasa taratibu kwa vidole vilivyokatwakatwa na kamba za nyavu, akarudi kwenye kava.

"Yule si sokwe, dada. Sokwe nimemwona mimi, si mara moja. Sokwe ana masikio hivi." Akaweka viganja pembeni mwa kichwa, vimesimama kama vikombe. "Huyu masikio yako wapi? Madogo, yamefichwa na nywele. Na pua hii! Sokwe hana pua hii. Huyu ni mwingine."

Sikuwa na la kujibu. Nimezaliwa Ujiji, nimekulia Ujiji, na Gombe iko kaskazini mwa mji wetu, si mbali, na sijawahi kukanyaga. Huko ndiko Jane Goodall alikoshuka kwenye boti tarehe 14 Julai 1960 kuwachunguza sokwe. Ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1968, na kazi aliyoianzisha haijakoma hata baada ya yeye kufariki Oktoba 2025. Watu wanavuka bahari kuja kuona kilichoko nyuma ya nyumba yangu, nami nimekaa dukani nawaambia watoto kwamba ni gorila.

Najifariji kwa jambo moja. Livingstone, ambaye hapa Ujiji ana makumbusho na miembe ya kumbukumbu, alipokuwa Manyema, huko Kongo, mwaka 1870 aliandika kwenye daftari lake juu ya wanyama ambao wenyeji waliwaita "soko", na yeye akawaita gorila. Hata leo maelezo yake yanasomwa kuwa ni ya sokwe. Kwa hiyo si mimi wa kwanza kuchanganya. Ila yeye hakuwa na simu.

Mimi nilikuwa nayo, na usiku ule nikanunua bando. Nilichokipata nakiweka hapa kwa sababu kila anayefundisha watoto juu ya mnyama huyu Kigoma atakutana na swali lile lile la "wapi". Tanzania haina gorila wa porini hata mmoja. Tunao sokwe: Gombe, Mahale kule kusini, na misitu mingine ya mkoa huu na wa Katavi. Gorila ni wa aina mbili, wa magharibi na wa mashariki. Wa mashariki wamegawanyika tena: wale wa milimani, wanaoishi kwenye milima ya volkano ya Virunga ambako Rwanda, Uganda na Kongo zinapakana, na kwenye msitu wa Bwindi nchini Uganda, na wale wa nyanda za chini, walioko mashariki ya Kongo tu. Hao wa mwisho ni majirani zetu kuliko tunavyodhani. Hifadhi ya Kahuzi-Biega iko karibu na Bukavu, na Ujiji hii imejaa watu ambao wazee wao walitoka Kongo. Mtoto mmoja wa darasa la pili, ambaye bibi yake ametoka Burundi, aliniambia nyumbani kwao mnyama huyu anaitwa ingagi. Kumbe hata Kiswahili kina neno "ngagi", ni mimi tu nilikuwa silijui. Tukakubaliana: kwenye mkeka wetu tutasema gorila, na anayependa kusema ngagi aseme. Sokwe abaki sokwe.

Kulikuwa na jingine ambalo mtu wa boti hakuliona, nami nililiona kwa bahati. Ramani kwenye kitabu kimoja iliandika "Zaire". Jina hilo la zamani la Kongo lilifutwa mwaka 1997. Nikafungua ukurasa wa mwanzo, ule wenye herufi ndogo ambao hakuna anayeusoma, nikakuta kitabu kimechapwa mapema miaka ya tisini. Na ndani yake kimeandikwa kwamba gorila wa milimani wamebaki kama mia sita. Mimi nilikwisha kuwaambia watoto hivyo! Hesabu ya karibuni zaidi niliyoipata ni 604 kwa Virunga, ambayo matokeo yake yalitangazwa 2018, na 459 kwa Bwindi, yaliyotoka mwaka uliofuata. Jumla 1,063. Novemba 2018 wakashushwa kutoka kundi la walio hatarini mno kutoweka, wakawekwa kundi la walio hatarini. Yaani idadi yao imepanda, jambo ambalo kwa wanyama wakubwa wa porini husikii kila siku, na mimi nilikuwa nawaliza watoto kwa takwimu za kabla wazazi wao hawajaoana.

Tangu hapo, kitabu chochote cha maarifa kikiingia mikononi mwangu naanza na ukurasa ule wa herufi ndogo. Mwaka ukiwa wa zamani sikitupi. Picha za gorila hazichachi. Nachukua karatasi, naandika sentensi mpya, nabandika juu ya ile ya zamani kwa gundi ya kijiti.

Jumamosi iliyofuata ilibidi niwaambie watoto nimekosea. Nilifikiria njia za kuzunguka: kwamba gorila ni ndugu wa sokwe, kwamba ni jamii moja, kwamba si uongo sana. Mwishowe nikaona nimlete aliyenirekebisha. Mtu wa boti alikuja, akakataa kiti, akasimama mlangoni na kuwasimulia sokwe anavyovunja kijiti, anakichomeka kwenye kichuguu, anavuta mchwa na kuwalamba. Anavyowinda mbega. Anavyopiga kelele asubuhi mpaka unaisikia ukiwa kwenye boti. Mimi nikawa nafunua kitabu upande wa pili: gorila hawindi, anakula majani, mashina, machipukizi ya mianzi, matunda akiyapata, na sisimizi kidogo. Mtoto mmoja akauliza kwa nini basi ana meno makubwa vile kama hali nyama. Swali zuri, na jibu lilikuwa kwenye maandishi madogo chini ya picha: ya kutishia na kupigana na madume wenzake.

Ile asubuhi ilinifundisha kuliko vitabu vyote vitatu. Nilikuwa nimeanza na kisichojulikana na kukipachika jina la kinachojulikana. Ilitakiwa nianze na sokwe, mnyama ambaye angalau baba wa mtu amemwona, ndipo niseme: sasa kuna mwingine, si huyu, tazameni tofauti. Watoto wanapenda kutafuta tofauti, ni mchezo kwao. Walipata kumi na moja. Mimi nilikuwa nimeandaa sita.

Uzito ndio uliotupa kazi nzuri zaidi. "Kilo mia na themanini" ni maneno tu kwa mtoto wa miaka minane. Jirani yangu anauza vifaa vya ujenzi. Nikamwomba tutumie mifuko yake ya saruji, hatuichani, tunaitazama na kuisukuma. Mfuko mmoja kilo hamsini: sokwe dume huyo, zaidi kidogo au pungufu kidogo. Mifuko mitatu na nusu na zaidi: gorila dume. Watoto wanne walijaribu kusogeza mmoja, ukasogea kiasi cha kiganja. Wakaipanga kwa macho mitatu mmoja juu ya mwingine na kutulia. Kisha tukapima kamba ya mita mbili na nusu, ambayo ni kama mikono ya dume akiinyoosha yote, tukainyosha barazani kwangu kutoka nguzo hadi nguzo, ikagonga. Mwisho nikamkabidhi binti wa fundi cherehani kilo mbili za sukari zilizofungwa kwenye kitambaa. "Huyo ndiye mtoto wa gorila akizaliwa." Alimpakata. Akamziba jua kwa mkono. Aligoma kumrudisha mpaka mama alipokuja kuulizia sukari yake.

Ukitaka kujaribu hili kwako, usihangaike na mizani. Tafuta vitu ambavyo mtoto amekwisha kubeba au kuona baba yake akibeba. Kwetu ni saruji, dumu la mawese, gunia la mahindi.

Sasa nieleze nilivyopoteza hela, maana mambo haya watu huyapita haraka.

Nilitaka kila mtoto apate picha ya kupeleka nyumbani. Mashine ya kopi ni yangu, nikasema gharama ni karatasi na wino tu. Nikatoa kopi sitini za nyeusi na nyeupe. Gorila ni mweusi. Msitu nyuma yake ni wa kijani iliyoiva, ambayo kwenye kopi ni nyeusi. Nilitoa doa sitini. Rimu ikapungua, katriji ya wino iliyokuwa inafaa kumaliza mwezi ikaanza kutoa mistari. Nikaenda mjini Mwanga kutoa kopi nane za rangi kwa shilingi elfu moja moja, nikazilamineti kwa elfu moja nyingine kila moja. Ukijumlisha na katriji, wiki ile nilitumia kama elfu sitini kwa jambo ambalo halikuniingizia hata mia. Mume wangu aliuliza swali moja tu, "Hao gorila wanalipa kodi ya pango?", akaenda kulala.

Na kwa kuwa nauza kopi, najua pia kwamba kutoa nakala ya kitabu cha mtu, kurasa juu ya kurasa, si kumtendea haki. Niliacha. Tukaanza kuchora wenyewe. Michoro ya watoto ilikuwa na kitu ambacho kopi zangu hazikuwa nacho: walichora walichokiona kweli. Nilijua nani ametazama na nani hakutazama. Aliyechora mkia hakutazama.

Kosa la wino sitalisahau. Kitabu kimoja kinaeleza kwamba watafiti huwatambua gorila kwa pua, kwa mistari na mikunjo iliyo juu ya matundu. Hakuna pua mbili zinazofanana. Watafiti huzichora kwenye madaftari na kumtambua kila gorila kwa pua yake. Watoto walivutiwa mno, nami nikapata wazo ambalo saa ile lilionekana la akili. Duka lina pedi ya wino wa muhuri. Nikasema, tupige chapa za pua zetu.

Kumi na sita. Mmoja mmoja, anainama, anagusa pedi kwa pua, anagandamiza kwenye karatasi. Chapa hazikutoka hata, binadamu hana mikunjo ile. Zilitoka duara za zambarau. Wakacheka mpaka wakalala kwenye mkeka. Halafu tukaenda kunawa. Sabuni ya mche haikutoa. Ya unga haikutoa. Nikajaribu mafuta ya taa kwenye pua yangu mwenyewe kwanza, nikaungua, nikaacha. Watoto kumi na sita wa Ujiji walikwenda shule Jumatatu wakiwa na pua za zambarau, na nasikia mwalimu mmoja aliuliza kama ni ugonjwa. Akina mama watatu walikuja. Wawili walicheka. Wa tatu hakucheka, na alikuwa na haki. Siku hizi tunatazamana wawili wawili na kuchorana pua kwa penseli. Ndivyo watafiti wenyewe wanavyofanya. Kitabu kilisema "huchora". Ningesoma vizuri.

Mama huyo wa tatu alikuwa na lake la awali pia. Ile Jumamosi ya kwanza niliwaonyesha, kwa mbwembwe, ukurasa wa gorila aliyefungua kinywa chote. Mwanawe ana miaka mitano, alikuwa amefuatana na kaka yake. Hakulala siku tatu. Kila akifumba macho gorila yuko mlangoni. Mimi nilidhani hofu ndiyo inayowashika watoto, na kweli inawashika wakubwa, wadogo inawavunja. Kilichomrudisha yule mdogo ni ukurasa mwingine wa kitabu hicho hicho, gorila jike amelala chali na mtoto wake amekaa tumboni anachezea majani. Nilimpa kitabu akae nacho peke yake, nisimwambie kitu. Alikaa nacho. Baadaye akauliza, "Huyu naye analala na mama yake?" Nikamwambia ndiyo, kila jioni mama anatengeneza kitanda kipya cha matawi na majani, na mtoto analala naye mpaka anafika miaka mitatu minne hivi. Siku hiyo akalala.

Jambo la kifua nalo lilitokana na mtoto, si mimi. Wote walikuwa wanajipiga kwa ngumi, kama wanavyoona kwenye filamu. Kijana mmoja mkimya wa darasa la nne alikuwa anatazama picha kwa muda mrefu, akasema, "Anti, hajakunja ngumi." Tukasogea wote. Kweli. Viganja viko wazi, vimepinda kidogo kama mtu anayechota maji. Tukajaribu. Ukijipiga kwa ngumi inatoka du, du, na inauma. Ukijipiga kwa viganja vilivyopinda inatoka sauti ya ngoma. Ya gorila huweza kusikika hata kilomita nzima. Tangu siku ile kabla sijasoma maandishi yoyote nawapa picha kwanza, dakika mbili za kutazama bila kusema. Kitabu cha maarifa cha picha kina mambo mengi kwenye picha ambayo hayamo kwenye sentensi, na mtu mzima anayetafsiri anakimbilia sentensi.

Ukurasa mmoja niliuruka kwa makusudi. Karibu na mwisho wa kitabu kikubwa kuna picha ya mtego wa kitanzi, na gorila kijana asiye na kiganja. Chini yake kuna habari za Dian Fossey, aliyeanzisha kambi ya utafiti ya Karisoke nchini Rwanda mwaka 1967 na kuuawa humo Desemba 1985. Nikazishika kurasa mbili pamoja nikafunua kama moja. Watoto waliona. "Anti, umeruka." Nikasema zimegandana. "Hazijagandana."

Nikausoma. Nikaeleza kwamba mitego ile aghalabu haikutegwa kwa ajili ya gorila, imetegwa kwa funo na mbawala, gorila ananasa tu. Watoto wakaanza kumlaani mtegaji: mbaya, afungwe, apigwe. Mmoja alinyamaza, akawa anachuna nyuzi za mkeka. Mwishoni, wenzake walipoondoka, akaniambia baba yake hutega. Huko shambani kwao, kwa ajili ya nguruwe pori wanaomaliza mihogo. Baba ni mtu mbaya?

Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nilimwambia baba yake analinda chakula chake, na kwamba watu wanaoishi karibu na misitu ya gorila nao wana mashamba na wana njaa kama sisi, ndiyo maana Rwanda sehemu ya mapato ya wageni wanaokuja kuwaona gorila hupelekwa kwenye vijiji jirani. Sina hakika kama nilimtua mzigo. Alirudi Jumamosi iliyofuata, hilo ndilo ninalolijua. Sasa ukurasa huo nausoma bila kuuruka, lakini kabla ya kuufungua nauliza nani nyumbani kwao wana shamba, na nini huja kula mazao. Mikono inanyanyuka yote. Tukifika kwenye mtego, mtegaji hayuko mbali tena.

Kuhusu lugha, nafanya hivi. Ijumaa usiku nasoma kitabu kizima peke yangu. Naandika Kiswahili changu kwenye vipande vya karatasi, ukurasa kwa ukurasa, sentensi ambazo ningemwambia mtoto uso kwa uso, si zile za kitabu. Namsomea mwanangu mmoja jikoni. Panapomfanya akunje uso, nafuta. Ndipo nabandika. Kazi hiyo hula saa mbili kwa kitabu cha kurasa thelathini, na ya kwanza ilinila wiki, maana nilikuwa natafuta neno la Kiswahili kwa kila kitu, mpaka majina ya mimea ambayo hata hapa haioti. Siku hizi nasema "mmea mmoja mchungu" na maisha yanaendelea.

Nilidhani pia kitabu lazima kisomwe kutoka mwanzo. Watoto ndio walionitoa huko, walipogundua faharasa nyuma. Mmoja anataja neno, "kulala", mwenzake anatafuta namba, wa tatu anafunua. Wanashindana. Mtoto ambaye shuleni anasoma kwa kusuasua ndiye bingwa wa faharasa, kwa sababu anahitaji neno moja tu, si aya.

Wengi wao hawatamwona gorila. Kibali cha kwenda kumwona Rwanda ni hela nyingi, kwa saa moja. Hata sokwe wa Gombe watoto wadogo hawaruhusiwi kwenda kuwafuata msituni, na sababu mojawapo ni mafua yetu, ambayo kwa sokwe na gorila yanaweza kuwa msiba. Hilo lilinishtua zaidi ya yote: mtoto wangu akipiga chafya anaweza kumuua mnyama wa mifuko mitatu na nusu ya saruji.

Mwezi uliopita mtu wa boti aliazima kile kitabu kikubwa. Alisema njiani kuna saa za kukaa bure wakisubiri mzigo, na vijana wake wanabishana kama gorila anaweza kumshinda simba. Nilisita, kitabu ni kimoja, nikampa ndani ya mfuko wa plastiki. Kilikaa wiki mbili na siku tatu. Kilirudi kikinuka dagaa, kona moja imevimba kwa maji, magamba mawili yamekauka katikati ya volkano za Virunga.

Nilikuwa nakifuta kwa kitambaa nilipofika ukurasa wa vitanda. Kwenye karatasi yangu niliyoibandika, chini ya "Gorila hutengeneza kitanda kipya kila jioni, mara nyingi chini ardhini", mtu ameandika kwa penseli, herufi kubwa za mkono usiozoea:

"SOKWE PIA KILA JIONI. LAKINI YEYE JUU YA MTI. NIMEONA KASEKELA."

Nimepitisha kalamu ya wino juu yake ili isifutike.